Tafadhali, usifiche presha ya baba kwenye fomu ya bima

Mwezi huu wameshafika watatu ofisini kwetu, sisi mawakala wa bima ya afya, na lalamiko lile lile: tumelipa bima, hospitali imekataa kutoa dawa. Wa mwisho alikuwa baba mmoja wa Kibosho. Nilimpa shikamoo, hakuitikia. Aliweka kadi mezani akasema, "Kijana, nirudishie hela yangu. Mmenila." Iliniuma sana, maana hii ni kazi tunayoifanya kwa uangalifu.

Nikafungua faili. Fomu aliijazisha mwanawe wa Dar es Salaam kwa simu, na pale panapouliza magonjwa ya muda mrefu alisema "Hana". Nikamwomba baba anioneshe anachomeza. Akatoa bahasha tatu za dawa kwenye mfuko wa koti, zimekunjwa mpaka ile 1×1 ya kipimo cha kumeza imefutika: amlodipini, losatani, metformini. Mbili za presha, moja ya sukari. Na daftari la kliniki la tangu 2014! Kampuni ya bima ilipoomba taarifa zake za matibabu, madai yakakataliwa. Mwanawe alitaka mchango upungue. Sasa mchango wa mwaka mzima umepotea na dawa baba ananunua kwa fedha yake.

Ndiyo maana kwetu mzee haandikishwi kwa simu tena. Aje na kitambulisho, daftari la kliniki na dawa zenyewe, si majina ya kukumbuka. Tunazilinganisha moja moja na orodha ya dawa ya kampuni. Kuna mama wa Marangu aliyekuwa akinunua dawa ya presha kwa jina la kiwanda, akaambiwa haimo kwenye bima. Tulipogeuza boksi tukakuta kwa maandishi madogo ni amlodipini ile ile iliyomo kwenye orodha. Alirudi kwa daktari wake, akaandikiwa kwa jina la dawa yenyewe, basi.

Kisha tunaangalia ukomo wa wagonjwa wa nje, yaani kiasi cha juu ambacho bima inalipia mtu asiyelazwa. Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu macho yanakimbilia mamilioni ya kulazwa. Mtu wa presha anaweza kumaliza miaka bila kulazwa, lakini vidonge anameza kila siku, na mara nyingi vinakatwa kwenye fungu la wagonjwa wa nje. Piga hesabu: tuseme dawa za mama yako ni shilingi 60,000 kwa mwezi, yaani 720,000 kwa mwaka. Bima yenye ukomo wa 500,000 itakuwa imeisha mwezi wa tisa, na hapo hujamwona daktari wala kupima damu. Ile "ya bei nafuu" ndiyo itakayokugharimu.

Wanaosema bei zetu ziko juu: mchango unapangwa na kampuni, si sisi. Mtu wa miaka 67 hulipa zaidi ya kijana kwa sababu anatibiwa mara nyingi zaidi, na kampuni nyingi binafsi zina umri ambao hazipokei mwanachama mpya. Ukisubiri mpaka baba augue ndipo ukimbilie bima, utakutana na kipindi cha kusubiri, yaani muda ambao umeshalipa lakini bima bado haigharamii ugonjwa huo, na huo si ujanja wa wakala.

Tena kabla ya kukuuzia chochote tutakuuliza maswali ambayo hayatuingizii hata senti. Je, mzee alistaafu akiwa mchangiaji wa NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya? Akitimiza masharti, anaendelea kutibiwa pamoja na mwenza wake. Hana uwezo kabisa? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inampa mwenye miaka 60 na kuendelea asiyejiweza matibabu bila malipo kwenye vituo vya serikali, ingawa dawa ikikosekana pale atatumwa kuinunua nje. Ana mtoto mtumishi wa umma?

Swali hilo la mwisho ndilo lililomsaidia baba wa Kibosho. Binti yake ni mwalimu wa shule ya serikali Hai. Kadi ya NHIF inabeba mchangiaji, mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo, na yeye aliandikisha mume na watoto wawili tu. Nafasi mbili zilikuwa wazi miaka yote hiyo, na mama naye ataingia. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa cha mwalimu: jina la baba limeandikwa tofauti na lililoko kwenye kitambulisho chake, kwa hiyo Jumatatu wanakwenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.