Maduhu, mama yako kanipigia kuhusu kile kisiwa

Maduhu mwanangu, mwangaluka. Huku tuko wazima, watoto wanakua, bei ya dagaa pale Mwaloni haishikiki na Kulwa bado hajalipa ile propela. Salamu zimeisha. Najua tumekaa kimya sana tangu msiba wa mzee Mafuru, kila mtu anamsubiri mwenzake aanze, haya nimeanza mie.

Mama yako kanipigia jana. Saa nne usiku! Nikajua tayari kuna mtu katutoka. Kumbe anauliza, Shija, hicho kisiwa mnachoenda kinawaka moto au hakiwaki? Nikamwambia mama mie siendi popote, nipo Kirumba hapa Mwanza na grisi mikononi. Ndo akanieleza kwamba unaipeleka ile grupu yenu ya kupanda milima Kenya, kwenye Central Island, kile kisiwa cha volkano katikati ya Ziwa Turkana, na ukamwambia asiwe na wasiwasi maana Shija alishafika akarudi mzima. Aisee. Yaani mie ndo nimekuwa ushahidi wako bila hata kuulizwa.

Basi nimemtuliza. Nimemwambia moto upo ila uko chini huko, juu kuna sehemu ardhi inatoa mvuke na harufu ya kiberiti inakukaa kooni, unapita pembeni maisha yanaendelea. Hakuna lava inayotiririka. Akaniuliza na kama italipuka Maduhu akiwa juu? Nikasema mama, watu wanakaa pwani ya lile ziwa na mbuzi wao miaka yote. Akatulia kidogo.

Ila kuhusu upepo hakuuliza, na mie sikumtajia. Si unamjua, mtu ambaye tangu meli ya Bukoba izame 1996 akitaka kwenda Ukerewe anazunguka Bunda mpaka Kisorya ili akae majini kidogo tu, ukimpa habari za upepo wa Turkana ataficha pasi yako. Kwa hiyo nakwambia wewe. Volkano achana nayo. Upepo ndo wa kuogopa.

Skia, Neema kanitumia picha ya ratiba yenu. Ijumaa kufika, Jumamosi kisiwani, Jumapili asubuhi mnageuza kwenda Kitale. Imepangwa vizuri, ina mistari, ina rangi. Lakini imeandikwa na mtu ambaye hajaongea na upepo wa kule.

Unakumbuka mie sikwenda kutalii. Yule jamaa wa Sori aliyekuwa ananunua injini kwetu alihamishia biashara Kalokol, kule kwa wavuvi wa Turkana, akaniita nikamfungie injini na kufundisha vijana wake service. Kazi ilipoisha akasema huwezi kurudi Mwanza hujakiona kisiwa. Asubuhi tukashuka ufukweni, boti iko tayari, mafuta yamejazwa, askari wa KWS, wale wa wanyamapori wa Kenya, yupo, na kepteni amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa anaangalia maji tu. Jamaa wa Sori anafoka, kepteni haongei. Mie nikatazama maji, nikasema hapa mbona pazuri tu, Igombe watu wanatoka na hali mbaya kuliko hii. Yule mzee akanionyesha mbali kule kwenye mstari wa maji, kweupe kumekatika katika. Akasema leo hapana. Akaenda kulala. Na kweli baada ya muda upepo ulivyoshuka, mchanga unapiga mabati, ungesema kuna mtu anarusha changarawe makusudi.

Ziwa letu la Victoria ni kubwa mara kumi ya lile, tunajua mawimbi, lakini upepo wetu una tabia unazoweza kuzizoea, usiku unatoka nchi kavu kwenda majini na wavuvi wanautumia, mchana unarudi. Ule wa kule unatoka kusini mashariki, umebanwa kati ya milima ya Ethiopia na milima ya Kenya, ukipita pale katikati unapita kwa nguvu zote na hakuna mti wala kilima cha kuuzuia. Usidhani natia chumvi. Upande wa mashariki karibu na Loiyangalani wamejenga mitambo 365 ya umeme wa upepo, megawati 310. Mtu hamwagi hela kiasi kile mahali ambapo upepo unakuja ukijisikia.

Na habari ya zamani, 1934 kuna wazungu wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka kwenda South Island, kile kisiwa kikubwa cha kusini. Hawakuonekana tena mpaka leo. Nilipowauliza wazee wa Kalokol kuhusu moto wa volkano wakacheka. Nilipouliza upepo wakaanza kuhesabu boti.

Haya, ila nisikutishe mpaka usiende, maana nenda. Wallahi nenda. Siku tuliyovuka ilikuwa shwari, saa nzima na ushee, na kile kisiwa ukikikaribia unaona kitu cheusi na kahawia, kimechongoka, hakina hata mti wa kusema nitapumzika chini yake. Ni kadogo, kilomita za mraba kama tano tu. Unashuka kwenye mchanga mweusi, alafu unaanza kupanda, na chini ni yale mawe mepesi yenye matundu, utadhani yale ya kusugulia visigino wanayouza mama zetu sokoni, sasa fikiria mlima mzima ndo hayo, unapiga hatua mbele unateleza nusu nyuma. Sandozi zako za Kariakoo ziache nyumbani. Raba ngumu, na uwaambie na wale wadada wa Nyegezi.

Ukifika ukingoni ndo unaelewa kwa nini watu wanajitesa. Mbele yako shimo, na ndani ya shimo kuna ziwa. Ziwa ndani ya kisiwa ndani ya ziwa, Maduhu! Kreta ziko nyingi ila zilizojaa maji ni tatu, na kila moja ina rangi yake, unasimama sehemu moja unageuza shingo unaona kijani hapa, kule rangi nyingine, na nyuma yako Turkana lenyewe, lile ambalo wazungu wanaliita bahari ya jade. Majina aliyeyatoa hakuhangaika, Crocodile Lake, Flamingo Lake, Tilapia Lake, kila moja na wake. Nilikaa pale ukingoni mpaka askari akaniita kwa filimbi. Mie si mtu wa mandhari, unajua, tukipelekwa Saanane nilikuwa naangalia injini ya boti. Pale hata simu nilisahau kutoa.

Mamba sasa. Wanazaliana pale pale, mwezi wa nne na wa tano mayai yanapasuka na vitoto vinakimbilia majini, kwa hiyo mkienda muda huo mtaona mambo. Ila askari anatangulia na nyie mnafuata, hakuna cha kwenda kunawa uso pembeni ili upigwe picha. Namfikiria Bugumba hapa. Mshike mkono.

Ndege ni wengi mpaka unachoka kuuliza majina, flamingo, mwari, mnandi, na wale wageni wanaotoka Ulaya kukimbia baridi. Mpenzi wa ndege kwenye grupu yenu atalia.

Alafu kilichonichekesha kuliko vyote, sangara! Kule sangara ni mwenyeji. Huku kwetu aliletwa miaka ya 50 na 60, furu, wale samaki wadogo wa asili, wakapotea, viwanda vikaja, mabondo yale ya tumboni mwake yakawa mali kuliko nyama yenyewe, na maisha yetu yote mie na wewe tumesomeshwa na huyo mgeni. Kule yuko kwao tangu enzi na enzi anaishi na wenzake kwa adabu. Nilimkuta kwenye mzani pale Kalokol, mkubwa, nikamwambia kumbe wewe una kwenu. Vijana wakaniona chizi. Na pale pale kuna kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwei, kilizimwa muda mfupi tu baada ya kuanza, kugandisha samaki kwenye joto la vile kunakula faida yote, alafu ghuba yenyewe ikaja ikakauka miaka ya 80. Ukipita kiangalie. Mie kama fundi kiliniuma sana.

Sa hivi ni kinyume, maji yamepanda. Kama letu lilivyopanda 2020, la kule nalo limekula fukwe, Eliye pale sehemu watu walikokuwa wanajenga vibanda sasa ni maji. Kwa hiyo zile picha za ufukwe mpana mlizotumiana ni za zamani, msizipangie mahema. Na bado UNESCO wameiweka hifadhi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2018, kwa ajili ya bwawa la Gibe III kule Ethiopia, maana mto Omo ndo unaleta karibu maji yote. Wazee hawajui waombe mvua au waombe isinyeshe.

Turudi kwenye upepo maana sijamaliza.

Tulipomaliza kuzunguka tukasema turudi. Kepteni akapanda juu ya jiwe, akaangalia, akashuka, akaanza kufungua magunia yake. Hakuna maelezo. Tukalala. Hema linapigwa usiku kucha, mawe chini bado ya moto na jua limeshazama, wali una mchanga, na maji ya kunywa yanapimwa kwa kifuniko maana kisiwani hakuna hata tone la kunywa, na maji ya ziwa ni ya magadi, utayanywa mara moja ukome. Jamaa wa Sori alikuwa amebeba dumu la ziada, ndo lililotuokoa, mie nilikuwa namcheka asubuhi yake. Kesho yake tukavuka shwari kabisa, watoto wangeweza kulala.

Sasa nyie na ratiba yenu ya Jumapili asubuhi. Mko wengi, mna watu wana kazi Jumatatu, mna tiketi za basi zimeshalipwa. Upepo ukikataa Jumamosi mchana nini kitatokea? Nakwambia kitakachotokea, mtaanza kumbembeleza kepteni. Mtamwongezea hela. Na siku moja atatokea kepteni kijana mwenye shida ya hela atakubali. Hapo ndo naogopa, wala sio kwenye kreta. Wekeni siku za akiba, mbili angalau, na msimlipie mtu basi la kurudi kabla hamjakanyaga nchi kavu. Mkishindwa kuongeza siku, basi laleni Eliye mle samaki, mwende mkaone yale mawe ya kale yaliyosimamishwa ya Namoratunga njia ya Kalokol, mrudi. Si dhambi.

Na boti mwombe yenye injini mbili, wote mnajua nasema nini. Plagi za akiba. Mafuta ya kwenda na kurudi na nusu nyingine. Jaketi okozi kila mtu na lake, amelivaa na amelifunga kabla ya kupanda, ukiambiwa yapo kwenye boti nyingine jua hayapo. Maji ya kunywa beba mpaka mchekwe. Njia ya Kitale kwenda Lodwar ulizieni hali ya usalama pale Kainuk kabla hamjaondoka. Na kila mtu abebe pasi au kitambulisho, muulizie kiwango cha Afrika Mashariki pale KWS, msilipe cha watalii kwa uvivu wa kuuliza.

Hata sijui kwa nini naandika marefu hivi, ningekupigia, ila kwenye simu unanikatisha na kucheka.

Haya nijibu. Mko wangapi kweli, maana Neema anasema kumi na mama yako anasema thelathini? Nani kati yenu anajua kuogelea, na usinihesabie Bugumba? Boti mmeshaongea na mtu au mnategemea kufika na kutafuta? Mwalimu Lugoye anaenda na lile goti lake? Na kuna nafasi? Nauliza tu. Nikifunga duka wiki moja Kirumba haitakufa, na mtu wa kukaa karibu na injini mtamhitaji. Kama haipo basi nibebee impela mbili umpelekee jamaa wa Sori, na umwambie bado ananidai dumu.

Ila nijibu kabla ya Jumapili, maana mama yako amesema atapiga tena baada ya misa na mie kudanganya mama wa mtu siwezi.

Ni mie,
Shija