Maua ya harusi ya Jumamosi

Hamjambo wapendwa, poleni na shughuli za wiki. Muuza maua wetu hapa Nakuru anataka idadi kamili kufikia kesho Jumatano saa kumi jioni, ili waridi zikatwe Naivasha Alhamisi na zitufikie Ijumaa asubuhi. Bila malipo ya kwanza haagizi.

1. Mchango ni shilingi 500 kila mmoja. Tumeni kwa M-Pesa ya mweka hazina, si kwangu.
2. Rangi ni nyeupe na krimu, kama bibi harusi alivyoomba. Tafadhali tusimbadilishie.
3. Ijumaa saa tatu asubuhi nahitaji watu wanne ukumbini, kila mmoja na ndoo na kisu kikali.

Kuhusu ndoo nasisitiza: ioshwe kwa sabuni. Bakteria wa maji machafu huziba shina, na ua hulegea shingo kabla ya siku yenyewe. Tutakata mashina mshazari, kama sentimita mbili hivi, na kutoa majani yote yatakayozama. Kisha maua yakae penye baridi, mbali na jua na mbali na ndizi mbivu za jikoni, kwani zikiiva hutoa gesi inayozeesha maua haraka. Zile petali za nje zenye michubuko msizing'oe mapema, ndizo zinazokinga za ndani.

Naomba kila mmoja ajibu hapa leo kabla ya kulala: "Nimetuma", na kama unaweza, "Nakuja Ijumaa". Asanteni sana.