Lango limefungwa, swahiba

14 Mei 2011

Swahiba wangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Nakuandikia wewe kwa sababu nikimwambia mtu mwingine kwamba nimeshikwa na simanzi kwa ajili ya tamthilia ya runinga, atanicheka. Wewe nawe utacheka, lakini utakuwa unajua unachokicheka.

Nimeimaliza Stargate Universe. Ile sehemu ya 40, ya mwisho, iliyorushwa Marekani Jumatatu, tarehe 9. Umeshaiona? Kama bado, ruka aya inayofuata.

Destiny, chombo cha anga wanachosafiria, kimewindwa mpaka hakina pa kutua. Njia iliyobaki ni kuvuka hadi galaksi nyingine kwa mruko mmoja, miaka mitatu njiani, watu wote wakiwa wamelazwa usingizi mzito ndani ya makabati yao. Kabati moja limeharibika. Eli, yule kijana aliyefika huko kwa kufumbua fumbo ndani ya mchezo wa kompyuta, anajitolea kubaki macho. Ana wiki mbili za kulitengeneza. Anawaaga wenzake, vifuniko vinafungwa, kisha anatembea peke yake mpaka kwenye kioo kikubwa. Mwanga wa safari unampita usoni, anatabasamu. Basi. Majina ya waigizaji yakaanza kupita na mimi bado nimeshika kikombe, chai imepoa.

Sasa niambie, alilitengeneza au hakulitengeneza?

Tangu Julai 1997 haujapita mwaka bila sehemu mpya ya Stargate, na filamu yenyewe ilitangulia mwaka 1994. Tamthilia zenyewe tatu: SG-1 sehemu 214, Atlantis 100, Universe 40. Jumla 354, na nina hakika sisi wawili tumezirudia nyingine mpaka zimechakaa. Unakumbuka tulivyokuwa tukihesabu pamoja na yule bwana wa kompyuta anayefungua Lango, ile pete ya kuvukia hadi sayari nyingine, kule kambini chini ya mlima wa Cheyenne? Alama ya kwanza imeshika, ya pili imeshika... Ikifika ya saba wewe ulikuwa unapiga meza, na yale maji yanaruka kutoka kwenye pete. Sheria zake tulizijua kuliko za barabarani: alama sita za unakokwenda, moja ya ulikotoka, ya nane ya galaksi nyingine, na Lango halikai wazi zaidi ya dakika 38 (isipokuwa waandishi wakitaka).

SG-1 ilipokwisha mwaka 2007 sikuumia hivi. Waliagwa kwa heshima. Wote mbele ya Lango wanapokezana methali kama wazee barazani, Teal'c, yule shujaa wao wa sayari nyingine, anafunga kwa neno lake lile lile, wanavuka, kesho wapo kazini. Atlantis nayo iliuleta mji mzima ukaelea baharini San Francisco. Filamu yake tuliyoahidiwa haikutoka, lakini angalau watu walifika nyumbani. Hawa wa Destiny wamelala tu.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuungamia. Ulipokuwa ukinisihi niitazame Universe, mwaka 2009, niliona sehemu tatu nikaitupa. Nilikwambia ni giza tupu, watu wananuniana chomboni kama wake wenza, hamna O'Neill, yule kiongozi wa SG-1, wa kutuchekesha. Nilitaka ile ya zamani. Nilikuwa kama mtu anayemkataa mtoto wa pili kwa kosa la kutofanana na wa kwanza. Disemba iliyopita ilipotangazwa kwamba haiendelei, ndipo nikairudia kutoka mwanzo, na kufika katikati ya msimu wa pili nilikuwa silali. Rush mwanasayansi na Young kamanda wa chombo wanavyochukiana na bado kila mmoja anamhitaji mwenzake, hilo SG-1 haikuwahi kulifanya. Ulikuwa sahihi, na naliandika kwa mkono wangu ulitunze.

Najua runinga yangu haikuwahi kuhesabiwa na wanaopima idadi ya watazamaji. Hata ningetazama kila wiki nikiwa nimesimama wima, wenye kituo wasingejua. Lakini tulikuwa wengi tuliosusa, kila mmoja na sababu zake nzuri, halafu leo ndio sisi tunaolia kwa sauti kubwa zaidi.

Unakumbuka Teal'c katika ile sehemu ya mwisho ya SG-1? Wamekwama miaka 50 chomboni, wamezeeka, mkuu wao Jenerali Landry amewafia, kisha wakati unarudishwa nyuma na wote wanasahau, ila yeye. Anabaki na mvi zake na miaka ambayo hakuna mwenzake anayeijua, na wakimuuliza hasemi. Jana kazini mtu aliniuliza mbona nimepooza. Nikamjibu usingizi.

Wewe huhitaji kuelezwa, ndiyo maana nataka uje. Wiki yoyote, lete na ile mikebe ya diski. Msimu wa nne wa SG-1 uko kwako, usikatae, nimetafuta kila mahali. Nataka kuanzia siku ile inayojirudia, O'Neill anapiga gofu kupitia Lango, mpira unakwenda kuangukia sayari nyingine, na Jenerali Hammond, mkuu wake, anaingia kumgombeza wakati fimbo iko hewani.

Wako,
mwenye kikombe cha chai baridi