Nina neno na mumeo

Kiunga, Jumatatu jioni

Mwandani wangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, mtoto kapona. Najua sijakuandikia tangu Ramadhani na udhuru sina. Habari za Bi Zena nitakupa tukionana, si za karatasini.

Nina neno na mumeo. Usishtuke, ni neno la chupa, na yeye ndiye mtu wa melini.

Jumamosi tuliokota taka ufuoni kama kawaida: malapa, vipande vya nyavu, chupa hazihesabiki. Moja imeandikwa AIR, herufi kubwa. Athmani, na Kiingereza chake kile, akasema huko kwao wanauza hewa! Mwalimu akasoma chini: Indonesia. "Air" kwao ni maji. Tulicheka mpaka nikaigeuza mkononi. Lebo yang'aa, kifuniko kipo, haijaota hata uzi wa mwani. Chupa iliyovuka bahari nzima twaijua, hufika imepauka, imeota vigamba. Hii imetupwa juzi, tena karibu. Na meli twaziona usiku, taa zao zapita tu.

Mkataba wa kimataifa wa meli umekataza kutupa plastiki baharini tangu mwisho wa 1988. Lakini meli ikiwa mbali na maji yetu, wa kuiadhibu hasa ni nchi ya bendera yake, na bendera yenyewe ni ya Panama au Liberia, tajiri yuko kwingine, mabaharia kwingine. Mimi nikishikwa na mfuko wa plastiki sokoni, sheria yetu Kenya ya Agosti 2017 yafika faini ya shilingi milioni 4. Huyu wa chupa nimshtaki kwa nani?

Ule mkataba wa plastiki ulioazimiwa Nairobi 2022 nao! Agosti 2025 wameachana Geneva bila kuelewana, nchi zenye mafuta hazitaki kusikia habari ya kupunguza utengenezaji. Na hata wangeelewana, meli usiku... basi, niache.

Muulize shemeji, kwa upole, akishashiba. Taka za jikoni melini huenda wapi? Nasikia lipo daftari la taka, nani hulikagua? Maji ya safari hununua bandari gani? Na yeye mwenyewe, miaka yote ile, hajawahi? Asikasirike, simtaji popote.

Chupa nimeiweka dirishani. Waja lini uione?

Wako,
Mwanakombo