Barua ya wazi kwa mjomba anayekabidhi funguo

Mjomba, shikamoo.

Najua hupendi kuandikwa. Vumilia leo tu.

Juzi kwenye kikao cha wazazi ulisema umechoka, sasa mwingine awalee vijana wa bolingi, mchezo wetu wa kuviringisha mpira kuangusha pini. Ulilisema kwa sauti ile ile unayotangazia zamu, kisha ukaendelea na habari za usafiri kana kwamba umetaja hali ya hewa. Sisi tukabaki tumeduwaa. Nusu ya wazazi mle ndani uliwafundisha wewe mwenyewe, nami nikiwemo.

Siku ya kukuaga watataja vikombe, na ni haki yao. Mimi nakumbuka pini ya kona.

Jumamosi asubuhi, wengine wakianza kwa kutafuta straiki, yaani kuangusha pini zote kwa mpira mmoja, wewe ulitusimamisha mbele ya pini zote kumi na kutuamuru tuiguse moja tu, ile ya pembeni. Ukigusa ya jirani, unarudi mwisho wa foleni. Mimi natumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kero yangu ilikuwa pini ya 7, ya kona ya kushoto, wakati wenzangu wote wanalia na ya 10, ya kona ya kulia. Ulinisogeza hadi ukingo wa kulia ukaniambia niukatishe mpira kwa mshazari, bila kuupinda. Kutoka mstari wa faulo, ule usioruhusiwa kuuvuka ukirusha, hadi pini ya mbele ni zaidi ya mita 18. Kwa mtoto wa miaka tisa, pini ile ilikuwa mwisho wa dunia.

Nilinuna. Ndipo ulipochukua daftari lako lenye jalada lililopasuka ukanipigia hesabu: anayeangusha tisa kila fremu (zamu ya mipira miwili, nazo ni kumi) na kuiacha moja, anamaliza na 90. Anayeangusha tisa, akaifuata ile moja kwa mpira wa pili kila mara (hiyo ndiyo spea, nayo huongezewa pini za mpira unaofuata), kisha akapata tisa kwa mpira wake wa mwisho, ana 190, na hajapiga straiki hata moja. Pointi 100 zinatoka kwenye kile tulichokuwa tunakiona makombo. Nilirudia hesabu ile nyumbani mara tatu, nikidhani umenidanganya.

Ulikuwa mkali pia, tusifichane. Ulinipokonya mpira wa ratili 12 mbele ya marafiki zangu ukanipa wa 8, eti bega langu bado nitalihitaji ukubwani. (Bega ninalo.) Na ile fainali uliyoniweka benchi, ukampanga binti aliyekuwa na wastani wa chini kuliko wangu kwa sababu yeye hakuwa akikosa spea! Tulishindwa kwa pointi tatu. Mpaka leo naamini ningezipata. Uliniambia ungempanga tena yule yule, na bado sijakubali.

Ila kuna kazi ambazo hatukuziona hadi tulipokuwa wakubwa: fomu za usajili ulizojaza usiku, vidole vya watoto ulivyovipima kila msimu kwa kuwa matundu ya mpira yalishawabana, mzazi mmoja mmoja uliyemtuliza nyuma ya viti mtoto wake alipokosa. Mafuta yanayopakwa kwenye njia ya mpira hayaonekani, nayo huisha na kuhama kadiri mipira inavyopita. Wewe ulikuwa unatazama mpira wa mpinzani unapopindia, kisha unatunong'oneza, "Sogea mbao mbili," yaani vipande viwili vya sakafu. Yule anayekuja baada yako atajua kanuni zote. Jicho hilo mkabidhi pia, kama kuna namna.

Sasa nina ombi. Mwanangu ameanza kulia na pini ya 10. Nimempigia hesabu ya 90 na 190, hakuniamini, anasema mama anatia chumvi. Jumamosi nitamleta. Najua si zamu yako tena, lakini njoo na lile daftari.

Mpwa wako, wa mkono wa kushoto