Mbio za rangi: mkono unaorusha unga ushuke hadi kimo cha mtoto

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo moja kuhusu mbio za rangi, zile mbio za kujifurahisha ambazo washiriki huvaa fulana nyeupe, hukimbia au hutembea kilomita 5, na kila baada ya umbali fulani hurushiwa unga wa rangi hadi wanafika mwisho wakiwa hawatambulikani. Nilishiriki hivi karibuni pamoja na binti yangu wa miaka 5. Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha, na akitaka nitamwandikisha tena. Kwa hiyo barua hii haiwaombi waandaaji wawafungie watoto mlango. Inawaomba wakumbuke kwamba mtoto ana kimo chake.

Yaliyotokea kwenye kituo cha kwanza yanatosha kueleza ninachokusudia. Vijana wa kujitolea walikuwa wamejipanga pande mbili za njia, kila mmoja na ndoo ya unga wa buluu, nao walikuwa wakifanya kile walichoelekezwa, yaani kumlenga mshiriki kifuani na kamwe wasimlenge usoni. Agizo hilo ni zuri, na kwa haki kabisa nasema walilifuata. Tatizo ni kwamba chini kidogo ya kifua changu ndipo lilipo paji la uso la binti yangu. Konzi moja ya unga iliyonilenga mimi ikampata yeye machoni na kinywani, maana wakati huo alikuwa amefungua kinywa akicheka. Kicheko kikakatika, na papo hapo akafanya ambalo kila mtoto angelifanya: akaanza kuyafikicha macho kwa mikono ambayo nayo ilikuwa imejaa unga.

Nilimtoa kando ya njia, nikamshika mikono, nikamwinamisha kichwa upande mmoja na kummiminia maji taratibu kuanzia pembe ya jicho iliyo upande wa pua, bila kusugua. Chupa ya maji nilikuwa nayo, si kwa sababu ya busara bali kwa sababu mtoto huyu hupata kiu kila anapoona chupa. Macho yalipotulia akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Baba, kwani nimefanya nini?" Swali hilo sikulitarajia. Sisi watu wazima tumesoma tangazo, tumejiandikisha, tumeelewa kwamba kurushiwa unga ndiyo starehe yenyewe. Yeye anachojua ni kwamba mtu akikutupia kitu usoni, basi ama amekukasirikia ama umemkosea.

Kituo cha pili tulikizunguka kwa mbali. Kwenye kituo cha tatu, dada mmoja wa kujitolea alituona tukisitasita, akaiweka ndoo yake chini, akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akafungua kiganja kilichojaa unga wa manjano na kuuliza, "Nikupake wapi?" Binti yangu akafikiri. Akaonyesha goti moja, kisha la pili, kisha tumbo. Baada ya hapo akachota unga kidogo kwa ncha za vidole na kumpaka yule dada puani, wakacheka wote wawili, na kutoka hapo mtoto alikimbia mbio za kweli kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Unga ulikuwa uleule, na sidhani kama shughuli yote ilizidi nusu dakika. Kilichobadilika ni kwamba safari hii aliulizwa.

Wapo wazazi wenzangu wanaosema kwamba unga huo ni wa wanga wa mahindi uliotiwa rangi zinazoruhusiwa katika vyakula, kwa hiyo hakuna haja ya wasiwasi. Kuhusu tumbo wanasema kweli. Lakini kilicho salama tumboni si lazima kiwe salama mapafuni, na hili wazazi tunalijua tangu watoto wakiwa wachanga, kwani madaktari wa watoto hututahadharisha tusinyunyize poda karibu na uso wa mtoto asije akaivuta. Chembe za wanga wa mahindi zina upana wa takriban mikromita 5 hadi 20 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na vumbi lenye chembe zisizozidi mikromita 10 ndilo linaloweza kupenya pua na koo likashuka kifuani. Mtoto, akipimwa kwa uzito wa mwili wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima, tena huivuta karibu na ardhi, mahali ambapo unga ulioanguka unatimuliwa upya na maelfu ya miguu. Kwa mtu mzima wingu hilo huishia magotini au kiunoni. Kwa mtoto wa miaka 5 ndilo hewa yake. Aliyelazwa katika kigari cha kusukumwa yuko chini zaidi na hana pa kukimbilia, na sioni sababu ya kumpitisha kituoni hata kidogo. Kwa mtoto mwenye pumu, neno la daktari wake lina uzito kuliko furaha ya sisi tunaotaka picha.

Hapa ndipo ninapotofautiana na utaratibu tulioukuta wa kuwaweka wenye watoto katika kundi la mwisho kuondoka. Nia ni njema, yaani wasikanyagwe na wenye haraka. Hata hivyo kundi la mwisho ndilo linaloikuta njia ikiwa imefunikwa na unga wa makundi yote yaliyotangulia, na ndilo linalokutana na vijana waliochoka, wenye ndoo zilizobaki nusu na hamu ya kuzimaliza. Ningependekeza watoto watangulie, tena kwa robo saa nzima, watembee upande mmoja wa njia, na wenye mbio wawapite upande wa pili. Watapitwa, ndiyo. Ila mbio hizi kwa kawaida hazina saa wala mshindi, na Travis Snyder alipoandaa The Color Run ya kwanza huko Phoenix, Marekani, mwezi Januari 2012, mvuto wake ulikuwa huu: kwamba mtu ambaye hajawahi kukimbia naye aje bila kuogopa kuwa wa mwisho. Hao walionipa mimi kisa cha kusimulia ni waandaaji wengine kabisa, lakini wazo ni lile lile.

Pendekezo langu la pili ni la umbali. Kilomita 5 kwa miguu mifupi ni safari ndefu kuliko inavyoonekana kwenye ramani, maana kwa kila hatua yangu binti yangu alipiga karibu mbili, na watoto wa umri huo hawakimbii kama sisi: huchomoka kwa kasi hatua hamsini, husimama kumtazama mdudu, hukaa chini, kisha huchomoka tena. Kwenye kilomita ya tatu aliomba begani, nami nikambeba. Nilichogundua nikiwa nimembeba ni kwamba begani ndipo mahali pekee ambapo agizo la kulenga kifuani lilifanya kazi sawasawa, kwa kuwa unga ulimpata miguuni! Lakini huwezi kumbeba mtoto kilomita mbili ndani ya umati huku macho yako mwenyewe yakiwa na unga, wala sishauri mtu ajaribu. Njia ya mkato baada ya kilomita ya kwanza au ya pili, yenye kituo kimoja tu cha rangi na inayofika kwenye mstari uleule wa kumalizia na nishani ileile, ingetuokoa wengi.

Kuhusu kishindo cha mwisho, ule wakati ambapo kila mshiriki hupewa pakiti yake, mshereheshaji huhesabu kwa kipaza sauti, na watu wote hurusha unga juu kwa pamoja, nina maneno makali kidogo. Mandhari hupendeza, sikatai. Lakini kwa sekunde kadhaa huoni hata mkono wako, na mtoto aliyeshikwa mkono huwa hamwoni aliyemshika. Mimi niliamua kusimama naye pembeni kabisa, upande upepo unakotokea, na pakiti yake akaifungua baadaye mahali penye nafasi, akajimwagia mwenyewe kichwani kidogo kidogo. Nilishangaa kuwaona wazazi waliowapandisha watoto mabegani na kujitosa katikati, na nilishangaa zaidi kumwona mtu anavuta sigara hatua chache kutoka hapo.

Wanga mwembamba ukitawanyika hewani huwaka. Tarehe 27 Juni 2015, katika bustani ya michezo ya maji ya Formosa Fun Coast huko New Taipei, Taiwan, unga wa rangi wa wanga wa mahindi uliokuwa ukipulizwa juu ya umati uliokuwa ukicheza muziki uliwaka ghafla. Watu 15 walifariki na mamia walijeruhiwa, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye taa za jukwaa zilizokuwa na joto kali. Najua lile lilikuwa tamasha la usiku mbele ya jukwaa, na unga ulipulizwa kwa mitambo, ilhali mbio zetu hufanyika mchana, mahali pa wazi, na unga hurushwa kwa mikono, hivyo sitaki kumtisha mtu yeyote. Nasema tu kwamba kuzuia sigara, viberiti na majiko karibu na vituo vya rangi na uwanja wa kumalizia ni kazi ya mwandaaji, na bango moja dogo lililofungwa nyuma ya mahema halitoshi.

Waandaaji watajibu, na nimewahi kuwasikia, kwamba huwezi kumpaka mtoto mmoja mmoja wakati watu elfu wanakuja nyuma yake, maana foleni itasimama. Jibu langu ni kamba. Kamba moja iliyovutwa kwa urefu wa kituo, ikaacha upana wa hatua mbili upande mmoja, inatosha kutenga njia ya watoto ambamo hakuna anayerusha; waliosimama humo huchuchumaa, huuliza, na hupaka kwa kiganja au humwaga unga chini ya mabega. Vijana wawili kwa kila kituo wangetosha, na wakichaguliwa wale wenye wadogo zao nyumbani hawatahitaji hata mafunzo. Asiyetaka rangi kabisa apite katikati ya kamba na ukingo bila kuguswa, na hapo namjumuisha mtu mzima yeyote mwenye sababu zake.

Wazazi nao wana fungu lao, na mimi sikulitimiza lote. Miwani ya kuogelea ya mtoto ingezuia kisa kizima cha kituo cha kwanza. Nilifikiri ataonekana kichekesho, kumbe siku hiyo kila mtu ni kichekesho. Leso ya kufunga puani na kinywani inafaa ikiwa mtoto anaikubali, na ni vyema aizoee nyumbani siku chache kabla, kwa sababu kitu kigeni usoni huvuliwa kwenye mita mia za kwanza. Mafuta kidogo kwenye nywele na ngozi kabla ya kutoka, kama wanavyofanya wengi wanaosherehekea Holi nchini India, ambako desturi ya kurushiana rangi ina umri mkubwa kuliko mbio hizi zote, hurahisisha kuosha baadaye. Na tukishamaliza, unga ukung'utwe ukiwa mkavu, nje, kabla maji hayajagusa kitu, kwani wanga ukilowa hugeuka uji na rangi huzama kwenye nguo. Mimi nilianza na maji. Viti vya gari langu vinanikumbusha hadi leo.

Zaidi ya vifaa, naona inafaa mtoto aonyeshwe mapema kitakachotokea. Laiti ningalichukua unga kidogo wa jikoni siku moja kabla, nikampa animwagie mimi kwanza mkononi na mimi nimmwagie yeye, pengine lile swali la kituo cha kwanza nisingaliulizwa.

Ombi langu kwa waandaaji, basi, ni kwamba watakapowapanga vijana wao wa kujitolea alfajiri ya mbio zijazo, waongeze sentensi moja kwenye maelekezo: anayekuja akiwa chini ya kifua chako, chuchumaa na umuulize. Fulana ya binti yangu bado haijafuliwa, kwa amri yake mwenyewe, na imetundikwa mlangoni. Shingoni na mabegani kuna buluu iliyotapakaa ovyo, ambayo haizungumzii kabisa. Tumboni kuna alama ya kiganja cha manjano, vidole vyote vitano vikionekana, na hiyo humwonyesha kila mgeni anayeingia.

Ni mimi msomaji wako,

Mzazi wa mkimbiaji mdogo