Risala ya Wanafunzi wa Uundaji wa Vikaragosi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu, wazazi na walezi wetu,
Ndugu wageni waalikwa, itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kuacha shughuli zako ukaja kuketi nasi mbele ya meza hii. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, vikaragosi unavyoviona hapa ni vya stopmosheni, yaani filamu inayopigwa picha mojamoja: kikaragosi kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena. Filamu hupita kwa fremu, yaani picha, 24 kila sekunde. Kwa desturi ya fani hii kila mkao hupigwa fremu mbili, kwa hiyo sekunde moja hudai mikao 12, na dakika moja mikao 720. Tunaomba uishike hesabu hiyo, kwa sababu kila tutakalolisema linatoka humo. Kikaragosi kinaweza kupendeza sana kikiwa kimesimama kabatini, kumbe kifundo cha mguu kinalegea kwenye mkao wa 300, na hapo kazi ya siku nzima imekwenda. Watazamaji huona sura na mavazi. Sisi tunaanza na mifupa.

Kwa kikaragosi cha sentimita 25 tunatumia waya laini wa aluminiamu: mita moja na nusu ya unene wa milimita 2 kwa miguu na uti wa mgongo, na sentimita 70 za milimita 1.5 kwa mikono. Waya mmoja hautoshi. Unakunjwa katikati, ncha moja inabanwa kwenye jiliwa, ncha nyingine kwenye drili, kisha drili inazungushwa polepole mpaka nyuzi mbili zisokotane mzunguko mmoja kwa kila sentimita moja hadi moja na nusu. Ukizidisha, aluminiamu inakuwa ngumu kabla haijaanza kazi. Msokoto una faida mbili: unashika mkao vizuri zaidi, na uzi mmoja ukikatika katikati ya kupiga picha, wa pili unaweza kukufikisha mwisho wa tukio.

Waya wa uzio wa mabati ni rahisi kupatikana, lakini unarudi nyuma ukiuachia, na kinachorudi nyuma hakiwezi kuigiza. Waya wa shaba hukunjika vizuri siku ya kwanza, halafu huwa mgumu haraka na kukatika.

Kati ya kiungo na kiungo tunaweka putii ya epoksi ya sehemu mbili, ile ya kukandwa pamoja mpaka rangi zake zichanganyike zote. Hiyo ndiyo paja, muundi, mkono wa juu. Penye kiungo tunaacha waya wazi: sentimita moja kwenye kiwiko, moja na nusu kwenye goti. Nafasi ikizidi, mkono unapinda kama kamba. Ikipungua, waya unapinda pembe kali mahali palepale kila mara na kukatika. Na mahali panapokatika mara nyingi ni pale hasa putii inapoishia, kwa kuwa ukingo wake mgumu unaukata waya kidogokidogo kila unapokunjwa. Kwa hiyo ukingo huo tunaulainisha kwa kidole kilicholowa maji kabla putii haijakauka, upungue taratibu kama ncha ya penseli. Ni kazi ya nusu dakika kwa kila mfupa, na kwa maoni yetu hakuna nusu dakika yenye thamani kuliko hiyo katika karakana nzima.

Mkono ni wa kwanza kufa. Vidole vina waya mwembamba wa milimita moja au chini yake, na ndivyo vinavyoguswa zaidi. Ndiyo maana mikono yetu yote inachomoka, na kila kikaragosi kina jozi tatu za akiba. Soketi tunazitengeneza kwa antena za redio mbovu, kwa kuwa mirija yake inaingiana. Tatizo la mrija wa duara ni kwamba kiganja kitazunguka chenyewe. Tunapachika mirija miwili ndani kwa ndani, kisha tunaibana pamoja kwa koleo mpaka iwe bapa kidogo: hapo inachomoka na kuingia, lakini haizunguki.

Wapo wanaotuuliza kwa nini tusijenge mifupa ya gololi na vibamba vya chuma kama studio kubwa. Tunaijenga, lakini michache. Gololi ya gurudumu la nyuma la baiskeli, yenye robo inchi, inafaa kabisa kwa nyonga na bega, ila ni chuma kilichokomazwa na drili ya kawaida inateleza juu yake. Inabidi ichomwe kwenye makaa hadi iwe nyekundu, kisha iachwe ipoe ndani ya majivu usiku kucha, ndipo ikubali kutobolewa. Baada ya hapo kila kiungo hukazwa kwa skrubu, na kukaza kuna utaratibu: kifundo cha mguu ndicho kigumu kuliko vyote, kisha goti, nyonga, kiuno, bega, kiwiko, na mwisho kiganja. Kinachobeba zaidi ndicho kinachokazwa zaidi. Ukikosea ukakaza bega kuliko kifundo, ukiinua mkono mwili wote unahama, na mtazamaji anaona mtu anayetetemeka bila sababu.

Chini ya kila wayo kuna nati ya milimita 3 iliyofukiwa kwenye putii. Bolti hupandishwa kutoka chini ya meza ya plaiwudi yenye matundu, na hapo kikaragosi kinaweza kusimama kwa mguu mmoja. Kosa la kawaida ni putii kuingia kwenye hesi za nati. Dawa yake ni kuifunga bolti iliyopakwa vaselini wakati putii inakauka, kisha kuifungua baadaye.

Nyama ni sponji ya godoro. Inakatwa kwa mkasi na kubandikwa kwa gundi ya viatu, inayopakwa pande zote mbili na kuachwa dakika kama kumi mpaka isinate kidoleni. Gundi hiyo haipakwi kwenye kiungo hata kidogo. Ikikauka kwenye sponji ya kiwiko, mkono unakataa kukunjwa au unajirudisha wenyewe. Wala haigusi stairofomu, kwani inaiyeyusha palepale. Wanaotumia silikoni ya platini badala ya sponji wajihadhari na udongo wa kuchongea wenye salfa na glavu za mpira asilia: silikoni ikigusana navyo haigandi, inabaki utando unaonata, na kalibu nzima inatupwa.

Kuhusu mavazi, tunaomba uitazame kwa karibu gauni ya bibi huyu aliyeko kushoto. Kitenge cha dukani kimechapwa kwa ajili ya mtu mzima, na ua moja tu linaweza kumfunika kikaragosi kifua kizima, naye akaonekana kama mdoli aliyevishwa pazia. Hivyo gauni yake imekatwa kwenye leso ya mkononi yenye nukta ndogo. Ndani ya upindo umeshonewa waya wa nusu milimita, ili pindo likae lilipowekwa. Kitambaa kisicho na waya hubadilika kila kinapoguswa. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, manyoya ya sokwe yanachezacheza mwilini kwa sababu vidole vya Willis O'Brien viliyagusa kila alipomsogeza. Kwa mnyama wa mwituni inavumilika. Kwa bibi aliyeketi kibarazani, haivumiliki.

Kichwa lazima kiwe chepesi. Tunakipima kwenye mizani, na kikizidi gramu 30 tunakirudisha kwenye msasa, maana shingo hushuka bila wewe kuona, robo milimita kwa robo milimita, na unakuja kugundua filamu inapochezwa kwamba mhusika wako amesinzia. Jicho ni shanga nyeupe iliyokaa kwenye tundu lenye vaselini. Tundu la shanga ndilo mboni: unachomeka pini, unazungusha, unatoa pini. Si lazima uso wenyewe usogee. Jiří Trnka wa Chekoslovakia alipaka nyuso zisizobadilika, akaacha mwanga na mwinamo wa kichwa vifanye kazi, na watu walilia mbele ya vikaragosi vyake.

Lakini kikaragosi kikisema Kiswahili, kinahitaji midomo. Hapa tunaomba utuvumilie kidogo, kwa kuwa ndipo penye kazi tunayoijali kuliko zote. Chati nyingi za midomo zinazosambazwa zimeundwa kwa Kiingereza. Sisi tunatumia midomo minane ya plastisini, udongo laini usiokauka, inayobadilishwa: mitano ya irabu a, e, i, o, u, mmoja uliofumbwa kwa m, b na p, mmoja wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja wa kimya. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, kwa hiyo mdomo unafunguka na kurudi kwa mpigo unaoeleweka. Chukua sentensi "Mama amekuja". Ni silabi sita, na kwa mwendo wa kawaida inajaa sekunde moja, mikao 12. Ma: fumba, fungua. Ma: fumba, fungua. A: mkao mmoja, mdomo ukiwa bado wazi. Me: fumba, kisha e. Ku: mikao mitatu ya u, kwa kuwa ndiyo silabi yenye mkazo, na k haionekani mdomoni. Ja: miwili. Sasa chukua neno "mtoto". Ile m ni silabi kamili peke yake, hivyo mdomo ubaki umefumbwa mikao miwili. Ukiipa mmoja tu, kikaragosi kinasema Kiswahili cha mgeni.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, joto la Pwani nalo lina lake. Plastisini hulainika mchana na midomo hupoteza kingo, basi tunaihifadhi kwenye friji na kutoa seti moja kwa wakati. Chuma hushika kutu, nasi hukipaka mafuta ya cherehani kila Ijumaa. Umeme ukikatika katikati ya tukio, taa huzima. Na ukiendelea kwa mwanga wa dirishani, jua linasogea na mwangaza unaruka kutoka fremu hadi fremu.

Kwa hiyo tunaomba vitu vitano: jiliwa mbili za mezani, drili ya kusimama, mizani inayopima gramu, feni ya kutoa hewa chafu kwa sababu ya gundi na vumbi la epoksi, na betri yenye inveta ya kuwasha taa mbili za LED kwa saa nne. Hatuombi sponji, nguo wala antena mbovu, hivyo tunavipata mtaani. Moustapha Alassane wa Niger na Jean-Michel Kibushi wa Kongo wametengeneza filamu za vikaragosi katika bara hili, nasi tunataka za Kiswahili ziwepo pia, zenye midomo inayosema sawasawa.

Baada ya risala hii tunakuomba usogee mezani ukunje mkono wa yule mvuvi mwenye kofia. Kunja kiwiko, uachie, na uangalie kama kitarudi.

Tunaomba kuwasilisha.